Soko la mifugo likifungwa kwa homa, lifunguliwe lini?

MVUA kubwa ni neema kwa mfugaji. Nyasi huota, mabwawa hujaa na ng'ombe hunenepa. Lakini katika Afrika Mashariki, kila baada ya miaka kadhaa mvua hiyohiyo huleta Homa ya Bonde la Ufa. Baada ya homa huja amri: mnada ufungwe, mifugo isisafirishwe, mtu asichinje.

Kwa kawaida amri ya kufunga haina mjadala mrefu, kwa kuwa hutolewa watu wakiwa wameanza kufa. Mjadala huanza wiki chache baadaye. Daktari husema subirini kidogo. Mwenye mbuzi husema amesubiri vya kutosha na watoto wanataka kula. Dalali, mwenye lori, mwenye bucha na mpika supu wote humuunga mkono mwenye mbuzi.

Kila upande una sababu zake. Makala haya yanaangalia mlipuko wa mwaka 2006 na 2007, uliozikumba Kenya, Somalia na Tanzania, ili mfugaji na mfanyabiashara mdogo wajue la kuuliza siku amri kama hiyo itakapotolewa tena.

Ilivyokuwa Garissa na Dodoma

Kati ya Oktoba na Desemba 2006 mvua kubwa zilinyesha na kuleta mafuriko kaskazini mashariki mwa Kenya. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) lilitoa tahadhari Novemba mwaka huo kwamba hali ya hewa ilikuwa ya kuzaa mbu waenezao homa hiyo.

Wafugaji nao waliona mapema. Wasomali wa eneo hilo wana jina lao la ugonjwa huu, "sandik", kwa sababu ya damu inayotoka puani mwa mnyama. Waliona kondoo na mbuzi wakitupa mimba kwa wingi na wana-kondoo wakifa kabla binadamu hawajaanza kufika hospitalini. Hata hivyo, homa ilithibitishwa rasmi baada ya watu kuugua, katika wiki ya tatu ya Desemba 2006.

Ndipo masoko yakafungwa na uchinjaji ukapigwa marufuku katika eneo lililoathirika. Soko la Garissa, ambalo ni miongoni mwa masoko makubwa ya ng'ombe Afrika Mashariki, lilinyamaza. Hadi Machi 2007, Kenya ilikuwa imeripoti wagonjwa 684, na 155 kati yao walifariki dunia.

Nchini Tanzania, ugonjwa ulionekana Januari 2007 upande wa Ngorongoro mkoani Arusha. Baadaye ulifika katika mikoa 10 ya Bara, na Dodoma ndiyo iliyokuwa na wagonjwa wengi zaidi. Hadi mwanzoni mwa Mei 2007, watu 264 walikuwa wameripotiwa kuugua na 109 kufa. Ng'ombe karibu 17,000, mbuzi zaidi ya 20,000 na kondoo zaidi ya 12,000 walikufa.

Kwa upande wa fedha, watafiti waliopiga hesabu baadaye walisema uchumi wa Kenya ulipoteza zaidi ya shilingi bilioni 2.1 za nchi hiyo. Hasara hiyo haikuwa ya wenye mifugo peke yao. Ilimfikia mchinjaji wa kibarua, mpakiaji wa lori, muuza ngozi na mwenye bucha aliyefungua mlango asubuhi na kuufunga jioni bila kuuza kilo moja.

Hesabu ya mchuuzi wa mbuzi

Ili kuelewa kwa nini amri ya kufunga huvunjwa, tupige hesabu ndogo. Takwimu hizi ni za mfano tu.

Tuseme mchuuzi amenunua mbuzi 20 kwa shilingi 2,000 kila mmoja. Mtaji wake ni shilingi 40,000, na sehemu ya fedha hizo ni mkopo. Alitarajia kuuza kwa shilingi 2,600 kila mmoja na kupata shilingi 52,000. Kabla hajafika mnadani, soko linafungwa.

Mbuzi hawali amri. Mchungaji, maji na dawa vinamgharimu shilingi 10 kwa kila mbuzi kwa siku, yaani shilingi 200 kwa siku. Soko likifungwa siku 90 atakuwa ametumia shilingi 18,000. Siku linapofunguliwa, kila mtu analeta mbuzi wake kwa pamoja na bei inashuka hadi shilingi 2,000. Anapata shilingi 40,000, na hasara yake ni shilingi 18,000. Mbuzi watatu wakifa katika muda huo, hasara inafika shilingi 24,000.

Sasa tuseme katika wiki ya kwanza anakuja mtu usiku na lori, anataka mbuzi wote kwa shilingi 1,300 kila mmoja. Mchuuzi atapata shilingi 26,000. Atapoteza shilingi 14,000, lakini atakuwa na fedha mkononi, atalipa sehemu ya mkopo na ataondokana na hofu ya vifo.

Kwa hesabu hiyo, mtu anayeuza usiku hana wazimu. Amechagua hasara ndogo. Tatizo ni kwamba mbuzi wake wamekwenda kusikojulikana, bila kibali na bila kupimwa, na wanaweza kuwa wamebeba ugonjwa hadi wilaya ambayo haikuwa nao. Soko likifungwa bila kumpa mfugaji namna ya kusubiri, biashara huhamia gizani.

Hapa ndipo shaka za wengi zilipo. Katika ukanda wetu, mfugaji mdogo hajazoea kulipwa fidia anapotangaza kuwa mifugo yake ni wagonjwa. Anachokiona ni kwamba akisema ukweli atafungiwa boma, na akinyamaza atauza. Serikali inayotaka taarifa za mapema haina budi kulifikiria jambo hilo kabla ya mvua kunyesha.

Hata bima ya mifugo haisaidii sana hapa. Mpango uliojulikana zaidi kaskazini mwa Kenya, ulioanza Marsabit mwaka 2010, hulipa kulingana na hali ya malisho inayopimwa kwa setilaiti. Ni bima ya ukame. Mwaka wa Homa ya Bonde la Ufa ni mwaka wa nyasi tele, na setilaiti ikitazama chini itaona kijani kitupu.

Kwa nini daktari husema "bado"

Upande wa pili nao usikilizwe. Virusi vya homa hii huishi katika mayai ya aina fulani ya mbu. Mayai hayo hukaa kwenye udongo mkavu kwa miaka, yakisubiri bonde lifurike. Maji yakija, mbu huanguliwa na kuuma mifugo. Kisha mbu wa aina nyingine huchukua virusi kutoka kwa mnyama mmoja hadi mwingine. Ndiyo maana ugonjwa hauishi siku mvua inapokatika. Madimbwi yakibaki, mbu wamebaki.

Jambo la pili ni kwamba mnyama huwa na virusi vingi katika damu kwa siku chache, na mkubwa anaweza asionyeshe dalili ya kumshtua mnunuzi. Fahali anayetembea vizuri mnadani leo anaweza kuumwa na mbu kesho huko alikopelekwa na kuanzisha ugonjwa mpya.

Jambo la tatu linawahusu watu wenyewe. Wengi wanaoambukizwa hupata homa ya kawaida na kupona. Wachache hutokwa na damu, huvimba ubongo au hupoteza uwezo wa kuona. Binadamu huupata zaidi kwa kugusa damu, kondo la nyuma na kijusi cha mnyama aliyetupa mimba, kwa kunywa maziwa mabichi na kwa kuumwa na mbu. Anayechinja na kuchuna ndiye aliye hatarini kuliko anayekula. Nyama iliyoiva vizuri na maziwa yaliyochemshwa havina hatari hiyo.

Kwa hiyo hoja kwamba "tufungue machinjio tu, mifugo isisafiri" ina pande mbili. Ni kweli kwamba kuchinja karibu na mnyama anakotoka hupunguza safari za virusi. Lakini ni kijana wa machinjioni, asiye na glavu wala viatu vya mpira, anayesimama kwenye damu. Machinjio yakifunguliwa bila vifaa, gharama ya uchumi inahamishiwa kwenye mwili wake.

Lipo pia jambo linalompa mfugaji nguvu katika mazungumzo. Mnyama aliyeugua akapona hapati tena ugonjwa huu kwa urahisi, na habaki akibeba virusi miaka yote. Vilevile, mnyama aliyechanjwa mapema si sawa na asiyechanjwa. Maana yake ni kwamba amri moja kwa wote, kwa muda usiojulikana, si njia pekee. Penye vipimo na kumbukumbu, mifugo ya kundi moja inaweza kuruhusiwa huku ya kundi jingine ikisubiri. Pasipo na vipimo, wote hufungiwa pamoja.

Soko wazi lisilo na mnunuzi

Wako wanaodhani kwamba amri ikiondolewa asubuhi, biashara itarudi jioni. Mwaka 2007 ulionyesha vinginevyo. Walaji mijini waliogopa nyama nyekundu, wakakimbilia kuku na samaki. Hata ng'ombe waliotoka maeneo yasiyo na ugonjwa walikosa soko. Hofu ya mlaji haisomi mipaka ya wilaya.

Mfano mkubwa zaidi uko ng'ambo ya Bahari ya Shamu. Mwaka 2000 homa hii ilionekana Saudi Arabia na Yemen, ikiwa ni mara ya kwanza kuthibitishwa nje ya Afrika. Saudi Arabia ilipiga marufuku mifugo kutoka Pembe ya Afrika. Kwa wafugaji wa Somalia, ambao mbuzi na kondoo wao huuzwa kwa wingi huko kwa ajili ya mahujaji, marufuku hiyo ilidumu hadi mwaka 2009.

Hakuna serikali ya Pembe ya Afrika ambayo ingeweza kulifungua soko hilo kwa tangazo la redio. Lilifunguka baada ya kuwekwa vituo vya karantini, kama vile Djibouti na Berbera, ambako mnyama hukaa, hupimwa na kupewa cheti kabla ya kupanda meli. Ni mnunuzi aliyefungua soko, na alifungua alipopata sababu ya kuamini.

Funzo hilo linamhusu hata mwenye meza ya nyama kijijini. Soko likifunguliwa mapema mno, kisha mtu mmoja akafa katika wiki ya pili, walaji hawatarudi kwa amri ya pili. Wataamini minong'ono kuliko tangazo la mkuu wa wilaya.

Wakati wa Covid-19 jambo hilohilo lilionekana kwa sura nyingine. Mwaka 2020 masoko mengi ya mifugo ya kila wiki nchini Kenya yalifungwa, safari hii kwa kuogopa msongamano wa watu. Julai mwaka huo serikali iliondoa marufuku ya kuingia na kutoka Nairobi na Mombasa. Kabla ya mwaka kuisha, Machi 2021, kaunti tano zikiwemo Nairobi na Nakuru zilifungwa tena. Mfanyabiashara aliyekuwa amekopa akidhani mambo yamekwisha alikamatwa njiani na mzigo wake.

Maswali ya kuuliza kabla ya kufungua

Baada ya mlipuko wa 2006 na 2007, Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo (ILRI) yenye makao yake Nairobi, FAO na wataalamu wa nchi za Pembe ya Afrika waliandaa mwongozo wa kufanya uamuzi hatua kwa hatua: tangu tahadhari ya mvua, mbu wanapoongezeka, mnyama wa kwanza anapougua, binadamu wa kwanza anapougua, hadi kurudi katika hali ya kawaida. Maana yake ni kwamba kila hatua ina kazi zake, na kazi ya leo haisubiri ugonjwa wa kesho.

Vyama vya wafugaji na kamati za minada vinaweza kutumia fikra hiyohiyo. Badala ya kuuliza "mtafungua tarehe ngapi?", waulize "mtafungua mkiona nini?" Tarehe ikipita bila soko kufunguliwa, watu hukasirika. Sharti likijulikana, watu hulisaidia litimie.

Maswali ya kumuuliza ofisa mifugo na mganga wa wilaya ni haya. Ni lini mnyama wa mwisho alitupa mimba au kufa kwa dalili za homa hii katika eneo letu? Ni lini mgonjwa wa mwisho alipokelewa? Je, sampuli zilizopelekwa maabara zimerudi? Madimbwi yamekauka? Nani atakagua mifugo mnadani, na ana vifaa? Mchinjaji atapewa glavu na buti? Ugonjwa ukionekana tena, litafungwa soko moja au mkoa mzima?

Ofisa mwenye majibu ya maswali hayo anaweza kufungua kidogo kidogo: kwanza mifugo ya kuchinjwa iliyokaguliwa, kisha mnada wa ndani ya wilaya, kisha vibali vya kwenda mbali. Ofisa asiye na majibu atakuwa anabahatisha, iwe amefungua au amefunga.

Yaliyo mikononi mwa mfugaji

Kwanza, chanjo ni ya kabla ya mvua. Shirika la Afya Duniani linaonya kwamba mlipuko ukishaanza, kuchanja mifugo kunaweza kuuzidisha, kwa kuwa sindano moja ikitumika kwa wanyama wengi hubeba virusi kutoka kwa mgonjwa hadi kwa mzima. Aidha, chanjo ya zamani ya virusi hai inaweza kumfanya mnyama mwenye mimba aitupe. Mweleze ofisa mifugo ni wanyama wangapi wana mimba kabla hajafungua chupa.

Pili, toa taarifa unapoona kondoo au mbuzi wengi wakitupa mimba kwa wakati mmoja. Usishike kijusi kwa mikono mitupu, na usiwape mbwa. Mnyama aliyekufa au anayeumwa asichinjwe ili "kuokoa nyama". Chemsha maziwa, hata kama wazee waliyanywa mabichi.

Tatu, andika. Daftari lenye idadi ya mifugo, tarehe ya chanjo, waliozaliwa na waliokufa ni mali. Siku ya kufungua kwa awamu, mwenye kumbukumbu atakuwa na la kumwonyesha mkaguzi.

Nne, mfanyabiashara asiweke mtaji wote kwenye mifugo hai pale utabiri wa hali ya hewa unapotaja mvua za El Niño. Auze mapema wale walio tayari na kupunguza mikopo ya muda mfupi. Kikundi kinachoweka akiba kinaweza kukubaliana mapema kwamba marejesho yatasimama soko likifungwa kwa amri. Ni rahisi kukubaliana hilo kabla ya shida kuliko ndani ya shida.

Tano, mwenye bucha aweke muhuri wa ukaguzi mahali mteja anapouona, na muuza nyama achome avae nguo safi na kuivisha nyama hadi ndani. Mteja anayeogopa hashawishiki kwa kelele bali kwa anachokiona.

Nani alipe gharama ya kusubiri?

Homa hii haijaondoka. Ilirudi Wajir mwaka 2018, na mwaka 2022 ilizisumbua Rwanda na Burundi, ambako usafirishaji na uchinjaji wa mifugo ulizuiwa. Mayai ya mbu yangali kwenye udongo, na mvua kubwa nyingine itakuja.

Wanaotaka soko lifunguliwe haraka wana haki ya kulalamika, kwa sababu wao ndio wanaolipa gharama ya kusubiri. Wanaotaka lisubiri wana haki pia, kwa sababu soko likifunguliwa vibaya, anayelipa ni mchinjaji, mama anayekamua na mfugaji wa wilaya ya jirani. Wahenga walisema heri nusu shari kuliko shari kamili. Lakini nusu shari hiyo haipaswi kubebwa na mwenye mbuzi 20 peke yake.

Kama jamii nzima inanufaika kwa soko kufungwa, basi chakula cha mifugo, kuahirishwa kwa mikopo na vipimo vya haraka vigharimiwe na wote. Bila hivyo, amri itabandikwa ukutani mchana, na lori litakuja usiku.